Tuache kuwadanganya wateja kuwa brasi haififii

Kama umewahi kununua bangili ya brasi kwa kijana aliyetandaza mkeka kando ya barabara hapa Nairobi, naye akakuapia kwamba "hii haibadiliki rangi, unaweza hata kuoga nayo", pokea msamaha wangu. Huenda kijana huyo nilikuwa mimi. Na kama hakuwa mimi, basi alikuwa mwenzangu, maana wengi wetu katika biashara hii tunauza kwa maneno hayo hayo.

Leo nataka nikwambie kwa nini nimeyaacha, na kwa nini naomba wenzangu nao wayaache. Kama wewe si muuzaji bali ni mnunuzi, usiondoke bado. Utajua namna ya kuirudishia bangili yako mng'ao wake, na pia kile kisu cha kukunja cha babu yako ambacho kimelala kwenye droo kikiwa cheusi ti.

Mimi ni mkazi wa Kawangware, upande wa Gatina. Bidhaa ninazouza zinatengenezwa Kibera, karibu na Makina, katika kibanda cha mabati ambamo binamu yangu na vijana wengine watatu hufanyia kazi. Brasi ni ile shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambapo mara nyingi shaba nyekundu huwa asilimia 60 hadi 70. Sisi hatuichimbi. Tunainunua kwa watu wa skrapu, ikiwa kufuli zilizokufa, mifereji ya maji iliyovunjika, vitasa vya milango na vipande vya mabomba. Inayeyushwa kwa makaa huku feni ikipuliza, inamiminwa kwenye kalibu za mchanga, inapigwa tupa, inasuguliwa kwa msasa, kisha inapelekwa kwenye mota yenye gurudumu la kitambaa ili ing'ae. Kazi hii imekuwepo Kibera kwa miaka mingi, na mapambo yanayotoka kwenye vibanda kama hivyo huuzwa hadi Ulaya na Marekani.

Sasa, brasi ikitoka kwenye mota inafanana na dhahabu. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Mteja anaishika, macho yanamtoka, halafu anauliza swali moja tu: "Hii haitachujuka kweli?" Wewe umekaa juani tangu asubuhi, hujauza kitu, na nauli ya kurudi huna. Utajibu nini? Mimi nilikuwa najibu, "Hapana mama, hii ni orijino."

Mwaka jana jibu hilo lilinirudia. Mama mmoja mwenye duka la nguo alichukua bangili 36 kwa mpigo. Zilikuwa za kikundi cha kwaya yao ya kanisa, wavae sare. Aliniuliza lile swali, nami nikajibu kama kawaida yangu. Alilipa zote taslimu, akaniambia kwamba zikipendwa ataagiza nyingine 100 aweke dukani. Siku hiyo nilirudi Gatina nikitembea kama mbunge.

Hazikupita wiki sita. Alinipigia simu, sauti yake ni ya upole ile inayoogopesha kuliko kelele. Bangili zilikuwa zimegeuka kahawia, nyingine zina madoa meusi. Wanakwaya wawili walikuwa na alama ya kijani mkononi, na mmoja wao alikuwa amewatangazia wenzake kwamba ni sumu. Nilipofika dukani nilikuta bangili 28 zimerundikwa kwenye kiondo chini ya meza. Nilijaribu kujitetea. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, rangi si neno. Ungeniambia mapema, ningenunua hivyo hivyo. Lakini ulinitazama usoni ukaniambia haibadiliki."

Tulimrudishia pesa zake kwa awamu tatu. Mimi nilikuwa tayari nimelipa kodi ya nyumba kwa sehemu yangu. Binamu yangu alikuwa amenunua makaa na skrapu. Unajua aliyeumia zaidi ni nani? Ni yule kijana anayekaa kwenye mota. Yeye hulipwa mwisho, baada ya kila mtu, kwa sababu kazi yake ndiyo ya mwisho. Alikaa wiki mbili bila kulipwa, kwa uongo ambao hakuusema na hata hakuusikia ukisemwa. Hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Zile bangili 28 nilienda nazo nyumbani nikazimwaga mezani. Mama alizitazama, akacheka kidogo, akaenda chumbani akarudi na mkebe wa zamani wa Kimbo. Ndani mlikuwa na vitambulisho vya kizamani, vifungo, na kisu cha kukunja cha guka. Guka alifanya kazi ya shamba la maua katika nyumba za Lavington, ng'ambo tu ya hapa kwetu, na kisu hicho hakikuwahi kumtoka mfukoni. Mpini wake ni wa mfupa, na kila ncha ya mpini imeshikwa na kipande cha brasi. Wakati huo brasi yenyewe ilikuwa nyeusi kama masizi ya jikoni, na kwenye misumari yake kulikuwa na ukoko wa kijani.

"Hiki nacho kiligeuka," mama akasema. "Mbona guka yako hakukirudisha dukani?"

Siku ya pili nilikifunga kwenye kitambaa nikakipeleka Kibera. Wazo langu lilikuwa tukipitishe kwenye mota, dakika moja, kiwe kipya. Yule kijana wa mota, ambaye bado tulikuwa na deni lake, alikikunjua, akakigeuza mara mbili, akakataa.

"Bro, hii si ya mota," akaniambia. "Mota itakula mfupa, itakula na kona zote. Hii ni ya mkono."

Akachukua majivu ya makaa, akayachekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni hadi yakawa laini kama poda. Akayachanganya na tone la mafuta ya cherehani. Akaukunja ubavu wa kisu, makali ndani, akazungushia utepe wa karatasi kwenye mfupa ili usichafuke. Halafu akaanza kusugua brasi peke yake kwa kipande cha fulana kuukuu, polepole, upande mmoja, bila kukandamiza. Kitambaa kiligeuka cheusi. Akabadilisha kitambaa. Baada ya kama dakika 20, njano ikaanza kuchungulia, kwanza pembeni, kisha katikati. Na pale katikati tukaona mikwaruzo mitatu iliyopangwa sawasawa, alama ambayo guka aliiweka mwenyewe ili kisu chake kisichanganywe na cha mtu mwingine. Sikuwahi kujua ipo. Mota ingeifuta kabla hatujaiona.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekuwa nikikiuza bila kukijua. Kisu hicho kilikaa kwenye mkebe miaka mingi bila kuguswa, na kilirudi kwa majivu ya bure na nusu saa ya mkono wa mtu. Jaribu kufanya hivyo na bangili iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ile ngozi ya juu ni nyembamba kuliko unywele. Ikishaisha, ukisugua unaonekana tu ule uchafu wa chini, na hakuna majivu wala limau litakaloirudisha. Brasi ni brasi hadi ndani. Ukitoa weusi, chini yake kuna brasi. Ukitoa tena mwakani, bado kuna brasi.

Kwa hiyo kufifia si aibu ya bidhaa yetu. Ndiyo dalili kwamba haikupakwa kitu. Tumekuwa tukificha kwa uongo jambo ambalo lingekuwa sifa yetu kubwa kama tungelisema wazi.

Ngoja nieleze kinachotokea, maana ukikijua utaweza kumweleza mteja bila kubabaika. Shaba nyekundu iliyomo ndani ya brasi hukutana na hewa, unyevu, jasho na mafuta ya mwili. Juu yake hujengeka utando mwembamba, kwanza wa kahawia, baadaye mweusi, na mahali penye unyevunyevu na chumvi hutokea ule ukoko wa kijani. Sanamu ya Uhuru kule New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilifunikwa kwa mabati ya shaba nyekundu. Ilianza ikiwa na rangi ya peni mpya. Leo ni ya kijani, na watalii wanalipa kuiona. Hakuna aliyeomba arudishiwe pesa.

Ile alama ya kijani mkononi ndiyo hiyo hiyo: chumvi na asidi ya jasho imegusa shaba. Huoshwa kwa sabuni na maji ikatoka. Kwa kawaida haina madhara. Lakini ukiona ngozi inawasha au inatoka vipele, vua, maana kuna watu ambao ngozi zao hazipatani na metali fulani. Hilo nalo ni la kumwambia mteja, si la kumficha.

Watu wa Pwani walilijua hili kabla yetu. Muuza kahawa wa Mombasa anatembea na dele lake la shaba, na dele hilo haling'ai kwa sababu lilizaliwa liking'aa. Linang'aa kwa sababu kuna mtu analisugua. Jirani yetu hapa Kawangware ambaye amelelewa Mji wa Kale aliniambia kwao kazi hiyo ilikuwa ya watoto kabla ya sikukuu: ndimu, majivu, na hakuna kwenda kucheza hadi sinia lionyeshe uso wako. Hakuna aliyesema sinia ni feki. Lilikuwa ni sinia tu, na sinia husafishwa.

Najua mtu wa biashara atanipinga. Nimeshapingwa, hata na binamu yangu. Hoja yake ya kwanza ni kwamba ukimwambia mteja ukweli atakwenda mkeka wa pili, kwa yule anayesema haibadiliki. Ni kweli, wengine huenda. Lakini hebu piga hesabu pamoja nami. Yule anayekwenda kwa jirani atarudi kwake baada ya wiki sita akiwa na hasira, na atawaambia watu kumi kwamba brasi ya Kibera ni takataka. Hatasema brasi ya fulani. Atasema ya Kibera. Uongo wa mmoja tunaulipa wote.

Na jina letu tayari lina doa la kutosha. Kila mtu anajua brasi yetu inatoka kwenye skrapu, na skrapu ina sifa ya wizi. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayotaka anayefanya biashara hii awe na leseni na aweke kumbukumbu za anachonunua. Januari 2022, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo na nyaya za umeme. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye mwaka huo huo, lakini mafundi wadogo wanakumbuka jinsi ilivyo kukaa bila malighafi kwa kosa la mtu mwingine. Fundi ambaye wateja wanamwamini ana watu wa kumtetea siku kama hiyo. Fundi anayejulikana kwa maneno matamu hana.

Hoja ya pili ni vanishi. "Si tupulizie tu vanishi juu, iishe?" Kwa pambo la kuning'inia ukutani, sawa, vanishi husaidia. Kwa bangili na kisu, vitu vinavyoshikwa na kusuguana kila siku, vanishi hubanduka vipande vipande. Hapo brasi hufifia madoamadoa, pale ilipobanduka peke yake, na kuisafisha inakuwa kazi maradufu kwa sababu lazima kwanza uivue ile vanishi iliyobaki. Ukipuliza vanishi, sema umepuliza. Usiiite dhahabu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nifikiri sana: kwamba mteja hana muda wa kusugua. Sawa. Basi hiyo ni kazi, na kazi ina bei. Tangu tuanze kusema ukweli, tumewaambia wateja kwamba wakitaka bangili, mkufu au kisu kisafishwe, walete. Tunatoza kidogo, na pesa hiyo inakwenda moja kwa moja kwa yule kijana wa mota, haipiti kwangu wala kwa binamu. Yule ambaye alikuwa analipwa mwisho sasa ana pesa ambayo haisubiri mtu auze. Uongo ulimnyima wiki mbili. Ukweli umempa kazi ya pili. Mimi sihitaji hoja nyingine zaidi ya hiyo.

Lakini nisikuache bila kukufundisha. Kama ni bangili au pambo la brasi tupu, lisilo na jiwe, mfupa, ngozi wala gundi, kata limau, nyunyizia chumvi kidogo, sugua kwa kitambaa laini dakika mbili tatu, kisha suuza kwa maji mengi na sabuni, ukaushe pale pale. Usiache limau na chumvi usiku kucha. Asidi ikikaa sana hula zinki ya juu, na brasi yako itabaki na madoa ya wekundu-wekundu. Ukwaju pia hufanya kazi, kwa sababu hiyo hiyo ya asidi. Dawa ya meno nyeupe nayo husugua vizuri. Dawa za dukani za kung'arishia, kama Brasso ambayo aliyewahi kuwa kwenye bendi ya shule anaijua kwa harufu, ni nzuri pia, ila fungua dirisha na usome maagizo.

Kisu cha kukunja ni jambo lingine. Usikiloweke. Chumvi na limau zikiingia kwenye bawaba na kwenye makali, chuma kitashika kutu upesi kuliko unavyofikiri. Mpini wa mfupa hunywa maji, na asidi huula. Tumia majivu laini na tone la mafuta, au dawa ya meno kidogo kwenye kitambaa, na uguse brasi peke yake. Kifunge kisu kabla hujaanza, au uyafunike makali kwa kadibodi, vidole haviuzwi. Ukimaliza, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, ufungue na kufunga mara kadhaa. Kama ni kisu cha kukatia matunda, kioshe vizuri kabla ya kukitumia. Halafu kiweke mahali pakavu. Kisibaki kwenye ala ya ngozi kwa miezi, maana ngozi hushika unyevu, na ule ukoko wa kijani huanzia hapo. Na tafadhali, usitembee nacho mjini ukikionyesha marafiki. Afisa wa polisi hatakuuliza kama ni cha guka.

Steelwool, msasa mkali na asidi ya betri, sahau kabisa. Nimeona watu wakizitumia. Asidi ya betri inachoma ngozi na macho, na msasa mkali unaacha mikwaruzo ambayo hutaiondoa nyumbani. Uking'arisha kitu cha zamani, anza na njia ya upole zaidi, usimame unapoona alama ya mtu. Mwandiko, mchoro, mikwaruzo mitatu kama ya guka: hivyo havirudi ukivifuta.

Kwa nyinyi mafundi wenzangu wa Kibera na popote mlipo, mna jambo moja la kujiambia ukweli pia, na hili halihusu mteja. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, na joto hilo si mbali na lile linaloyeyusha brasi. Ule moshi mweupe mnaouona juu ya tanuri ni zinki inayokimbia. Ukiuvuta unaweza kupata homa na baridi usiku ule ule, ukadhani ni malaria. Brasi ya mifereji mingi huwa na madini ya risasi kidogo, na vumbi la mota hubeba kila kitu. Yeyusheni mahali penye hewa, vaeni barakoa nzuri na miwani, mnawe mikono kabla ya kula, na watoto wasicheze pale. Tukisema brasi yetu ni halisi, na sisi tuwe hai wa kuiuza.

Kwako mnunuzi, nina ombi dogo. Acha kuuliza "hii haitabadilika?" Swali hilo linamlazimisha mtu mwenye njaa kudanganya. Uliza, "Hii nitaisafishaje?" Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu kwa sentensi mbili. Asiyejua atababaika. Na ukitaka kupima, beba sumaku ndogo. Brasi haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ndani ni chuma, na hiyo rangi ya juu ni koti tu.

Zile bangili 28 tulizisafisha zote alasiri moja, mimi na yule kijana, limau na chumvi. Sasa kila ninayemuuzia nampa kikaratasi kidogo nilichokichapisha kwa cyber hapa Congo, shilingi tano kila nakala: *Hii ni brasi. Itafifia. Ikififia, limau na chumvi dakika tatu, suuza, kausha. Ukichoka, tuletee.* Nimepoteza wateja kadhaa kwa kikaratasi hicho. Lakini tangu nianze kukitoa, hakuna hata mmoja aliyenirudishia bangili.

Yule mama wa duka nilimpelekea bangili moja iliyosafishwa, bure, pamoja na kikaratasi. Alikisoma, akaivaa. Hajaagiza zile 100, na sijamwomba. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama limau la dukwani kwao lililokauka kidogo litafaa.

Nilimwambia litafaa, mradi bado lina maji.